Kona Mbili za Bomba

Kipimo cha mionzi kilianza kulia stoo, mahali ambapo hakikutakiwa kulia hata kidogo. Mhandisi akakipigapiga kiganjani, akidhani kimeharibika. Kikazidi kulia.

"Dada, hicho kidude chako kina wazimu," alicheka mdogo wake, mkono juu ya tumbo la miezi sita. Yeye ndiye mtunza stoo wa kiwanda hiki cha dawa za mionzi, zile za wagonjwa wa saratani. Alikuwa na wiki tatu tu kazini. Mama yao alikataa katakata, mpaka mhandisi alipomwambia, "Mama, wewe lala usingizi. Ukuta nimeuchora mimi."

"Toka nje. Mkoba uache."

Mhandisi alibaki peke yake, amejibana pembeni. Ukuta wenyewe, kati ya stoo na chumba cha dawa, ulikuwa zege la mita nzima na ushee, lakini sauti ilitoka kwenye tundu la bomba la nyaya, juu kidogo ya meza, usawa wa tumbo la mtu aliyeketi. Yeye alilichora bomba lile na kona mbili. Akasukuma waya mgumu ndani. Ukapita moja kwa moja hadi chumba cha dawa, haukugusa kona yoyote.

Akaamuru mitambo isimamishwe, akamwita fundi bomba, mzee aliyesifika kwa kazi safi.

"Nililinyoosha, mama," mzee alisema, uso umemchangamka. "Zile kona nikajua mkono umekuteleza. Nikakusitiri, sikumwambia mtu."

"Mzee, mionzi inanyooka. Zile kona ndizo zilizokuwa zinaizuia."

Mzee akakaa sakafuni. "Sasa mbona hukuandika?"

Mhandisi akakunjua mchoro. Unene wa zege aliuandika. Upana wa bomba aliuandika. Hata rangi ya mlango, jamani, aliiandika. Pembeni ya kona hakuandika neno, maana aliona hilo kila mtu analijua.

Mdogo wake alikuwa amesimama koridoni, hacheki tena. "Dada, mtoto wangu je?"

"Sijui. Tunakwenda kwa daktari sasa hivi."

"Na mama tutamwambia nini?"

Mhandisi alitafuta uongo wowote wa kushika, akaukosa.

"Kwamba ukuta nimeuchora mimi."