Zamu ya Makasia

Kabla hatujaondoka, shemeji, mke wa rafiki yangu, alinivuta nyuma ya mlango wa duka lao la ushonaji.

"Mwangalie mwenzako leo," alininong'oneza. "Juzi kapunguza suruali ya mteja. Jana kaipunguza tena, na leo asubuhi tena. Imekuwa kaptura. Naye ananiapia kaikata mara moja tu. Ukirudi uniambie ukweli, nijue kama ni uchovu au nimfiche mkasi."

Nilikasirika. Mimi ni fundi bomba, upelelezi siujui. Na kumnyang'anya Sindano mkasi ni kumzika akiwa anatembea. Sindano ndilo jina tulilompa mumewe, kwa wembamba wake na kwa kazi yake; naye mimi huniita Koki.

Miaka thelathini tumekwenda ziwa lile lile la milimani, lenye maji ya baridi, kuvua samaki aina ya trauti kwa nzi wa manyoya. Nzi hao anawatengeneza yeye: ndoano anaivika unyoya wa kuku na uzi wa dukani mpaka inafanana na mdudu. Samaki tunawarudisha majini. Sheria yetu ni moja: mmoja anarusha ndoano, mwingine anapiga kasia, na anayepata samaki anashika makasia. Aliitunga yeye, kwa sababu zamani nilikuwa sibanduki kwenye fimbo ya kuvulia.

Asubuhi ile nzi wake alitua juu ya maji kimya kabisa. Trauti akamdaka. Sindano alimvuta taratibu, akalowesha viganja, akamtoa ndoano na kumwachia. Nami nikaweka makasia chini, nikaanza kusogea tubadilishane nafasi mle ndani ya mashua.

"Mbona umeacha kupiga kasia?" aliniuliza.

"Zamu yako."

"Zamu gani? Sijapata hata dagaa. Acha uhuni wako, Koki."

Nilicheka, maana Sindano kwa mizaha hajambo. Kisha nikamtazama usoni. Alikuwa ananisubiri, tena amekereka kidogo. Nikayashika makasia tena.

Akapata wa pili. Baadaye akapata wa tatu. Kila mara alifurahi kweli, na kila mara, baada ya muda mfupi, alilalamika kwamba samaki wamenuna. Mimi ninayegombana na watu kwa ajili ya spana iliyopotea, nilimwachia fimbo. Nilipiga kasia huku nikiupanga uongo wa kumwambia shemeji: ni uchovu tu, apumzike wiki moja. Machozi yalinitoka, nikalisingizia jua.

Tulipofika ukingoni nilishindwa kufunga kamba ya mashua. Viganja vilikuwa vimepasuka malengelenge. Sindano aliichukua kamba, akaifunga mwenyewe, halafu akanishika mikono na kuigeuza kwenye mwanga, kama anavyokagua mshono.

"Umepiga kasia siku nzima?"

"Upepo ulikuwa..."

"Hapakuwa na upepo." Bado alikuwa ameishika mikono yangu. "Koki. Nimepata wangapi?"

Uongo nilikuwa nao tayari. Haukutoka.

"Watatu."

"Wakubwa?"

"Wa pili ni mkubwa kuliko wote tuliowahi kuwapata."

Akatikisa kichwa polepole. "Laiti ningemwona," alisema.

Tukafunga safari ya kurudi. Shemeji alikuwa mlangoni pa duka, macho yake kwangu. Kabla sijafungua mdomo, Sindano alimpita, akaenda kwenye meza ya kukatia na kuuchukua mkasi. Aliufuta kwa shati lake, pande zote mbili. Kisha akampa mkewe, mpini mbele, ncha akiwa amezishika yeye.

"Mpake mwenzangu dawa mikononi," alisema. "Na huu uufiche mbali. Nitakuuliza ulipo, mama watoto. Nitakuuliza kila siku, na nitakukasirikia. Usinionyeshe."