Daftari Juu ya Pipa

Jumanne, tarehe nane Julai. Asubuhi ilinyesha mvua ya rasharasha, halafu saa tatu jua likatoka kali, kama vile mvua haikuwahi kuwepo. Naanza na hali ya hewa kwa sababu mambo yalianzia hapo. Mvua isingenyesha, daftari lisingelowa, na lisingelowa, lisingeanikwa. Lakini mvua haina hatia. Aliyelichukua ni mimi.

Nafanya usafi katika bweni la wageni la chuo kikuu. Kila mwaka, wanafunzi wa hapa wakienda likizo, huja vijana kutoka nchi nyingi kwa programu ya wiki sita. Asubuhi wanaingia darasa la Kiswahili, na kila mmoja ana utafiti wake mdogo wa kuandika kwa Kiswahili. Akiumaliza anapewa cheti cha kurudi nacho kwao. Mimi nami ni mwanafunzi, ingawa nina miaka arobaini na saba. Jioni nasoma darasa la watu wazima, maana niliacha shule kabla sijajua kugawanya. Wenzangu wa ufagio wananiita Profesa.

"Profesa, leo unatufundisha nini?" huniuliza wakiona kitabu mfukoni mwa aproni.

"Nawafundisha kwamba vyoo vya ghorofa ya pili ni zamu yenu."

Chumba namba kumi na nne walikaa wasichana wawili. Mmoja alikuwa mrefu kama mlango, tukamwita Mrefu. Wa pili tulimwita Kicheko, kwa sababu ulimsikia kabla hujamwona. Mrefu alikuwa akipima mto unaopita nyuma ya bustani ya chuo. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ukingoni na ufito wenye alama na kipimajoto, akiandika kina cha maji, joto lake na rangi yake. Siku moja, ukurasa mmoja, upande mmoja tu wa karatasi. Saa yake ya kengele ililia saa kumi na moja, na Kicheko alikuwa mtu wa kupenda usingizi. Jumatatu jioni waligombana hadi ukumbini, mbele za watu.

"Siku moja nitaitupa hiyo saa dirishani!" alisema Kicheko. "Na hilo daftari lako lifuate!"

Watu walicheka. Hata Mrefu alicheka, mwishowe.

Jumanne hiyo niliingia chumbani kwao saa nne. Vitanda vilikuwa vitupu. Juu ya pipa la taka, chini ya dirisha penye jua, palikuwa na daftari lenye jalada gumu. Sisi tuna sheria, imebandikwa nyuma ya kila mlango: kilichomo ndani ya pipa au juu yake ni taka, na mfanyakazi akikitaka, achukue. Kwa njia hiyo nimepata viatu, mwavuli, na hata koti ninalovaa kwenda sala.

Lakini lile daftari lilikuwa limefunguliwa katikati, na kurasa zimetenganishwa kwa penseli ili hewa ipite. Mtu hatandazi taka zikauke. Nililiona hilo. Naliandika hapa kwa sababu siku nyingi nilijiambia kwamba sikuliona.

Nilikuwa nimemwomba Mungu daftari. Siyo kwamba nilishindwa kununua. Niliomba kama anavyoomba mtoto, nikitaka ishara kwamba anapenda nisome katika umri huu. Nikashika lile jalada gumu, nikahesabu karatasi safi zilizobaki, zilikuwa nyingi. Nilisema "Asante, Bwana" kabla sijasema "Ni la nani?" Nikalitia ndani ya aproni.

Nyumbani nilizikata kwa wembe zile karatasi zilizoandikwa. Sikuzitupa, kwa kuwa upande wa pili zilikuwa nyeupe, nikaona zitanifaa kwa hesabu. Asubuhi iliyofuata nilimkuta wifi yangu jikoni, moto umeshawaka.

"Karatasi za wasomi zinashika moto vizuri, wifi yangu," alinitania. "Tatu tu, na chai imechemka."

Nilicheka naye. Mungu anisamehe, nilicheka.

Kazini nilikuta bweni zima limechafuka. Mrefu alikuwa amepekua hadi chini ya magodoro. Hakumtaja mtu, ila kila mtu alikumbuka maneno ya Kicheko. Mratibu wa programu, mwanamke mpole asiyepaza sauti, alimwita Kicheko ofisini, na Kicheko akatoka macho mekundu. Alihamishiwa chumba cha peke yake. Mrefu akaacha kwenda mtoni, maana apime aandike wapi, na vya nyuma vimepotea?

Msimamizi wetu, tunayemwita Mama Funguo, alitukusanya. "Kuna aliyeona daftari chumba kumi na nne?"

Wenzangu walitikisa vichwa, nami nikatikisa changu.

Ijumaa ilikuwa siku ya kikundi chetu cha sala, ambacho mwenyekiti wake ni Mama Funguo. Alipouliza nani ana ushuhuda, sijui nini kilinisimamisha. Nadhani nilitaka kulitakasa jambo lile kwa maneno. Nikasema niliomba daftari na Mungu akanipa. Wakapiga makofi. Mama Funguo alinitazama muda mrefu, kisha naye akapiga makofi.

Tangu hapo sala zangu zilikuwa kama simu isiyopokelewa. Nikipiga magoti, naona pipa. Asubuhi nilibadilisha shuka za Kicheko katika chumba chake kipya, nikamuuliza, "Umeamkaje, mwanangu?" Alijibu, "Salama, mama," bila kuinua macho. Hakuna aliyesikia kicheko chake tena, na bweni likawa kama nyumba iliyohamwa.

Jumatano tarehe kumi na sita nilipeleka hesabu zangu darasani. Mwalimu wa jioni ni mstaafu, mtani sana. Alizisahihisha mbele yangu.

"Kugawanya umeweza! Wiki hii nakuvulia kofia, bahati mbaya sina kofia." Kisha akageuza karatasi. "Na huku ni nini? 'Saa kumi na mbili na dakika tano. Kina, sentimita themanini na moja.' Umekuwa nahodha?"

"Ni karatasi za taka, mwalimu."

Akageuza nyingine, na nyingine. Utani ulimtoka usoni. "Mtu ameamka alfajiri kila siku, hakukosa hata moja, halafu akatupa? Mimi nisingetupa."

Nilizichukua zote. Nyumbani, kabla jua halijazama, nilikaa kizingitini nikazisoma moja moja. Mwaka jana nisingeweza kuzisoma. Karatasi ya tarehe ishirini na sita Juni ilikuwa na mistari miwili chini ya vipimo: "Mama wa usafi amenisalimia njiani. Alisema maji yamepanda kwa sababu mlio wa mto umebadilika. Nimepima, ni kweli. Nimuulize zaidi."

Mama wa usafi ni mimi. Roho ilinisuta hadi nikashindwa kula. Nikasali kwa maneno machache: Bwana, sikuombi tena kitu, nipe miguu tu.

Alhamisi mratibu aliitisha kikao sebuleni mwa bweni kuamua kama Kicheko apewe cheti. Walikuwepo wageni wote, pamoja na Mama Funguo. Nilipiga moyo konde, nikaingia na mfuko, nikapanga juu ya meza lile jalada na karatasi ishirini na sita.

"Daftari nililichukua mimi," nilisema. "Nililikuta juu ya pipa. Sheria inasema ni taka, lakini nilijua si taka. Karatasi tatu zimeungua jikoni kwangu. Hizi nyingine nimeziandika hesabu nyuma. Huyu binti hajafanya lolote."

Mrefu alizivuta karatasi, akazipanga kwa tarehe.

Kicheko ndiye aliyesema kwanza. "Siku tisa, mama. Siku tisa unaingia chumbani kwangu, unabadilisha shuka, unaniuliza nimeamkaje."

"Ndiyo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Alikuwa na haki.

"Pole," Mrefu alimwambia Kicheko, machozi yanamtoka. "Nami nilidhani ni wewe."

"Nilijua unadhani. Saa yako bado ni mbaya, lakini." Sauti yake ilikuwa kavu, ila Mrefu alipomshika mkono, hakuutoa.

Mratibu alisema jina la Kicheko limesafishwa na cheti chake atapewa. Kuhusu kazi yangu, Mama Funguo ataamua. Kisha akamgeukia Mrefu. "Wewe ulihitaji siku ngapi?"

"Arobaini. Nilikuwa na ishirini na tisa, sasa ni ishirini na sita. Na Jumamosi tunaondoka."

"Ripoti naweza kuipokea mwisho wa mwezi ujao, ukieleza pengo. Lakini siku kumi na nne zilizobaki nani atapima?"

Niliinua mkono, kama tunavyofanya darasani.

Mama Funguo aliguna. "Profesa, siyo kwa mkono. Sema kwa mdomo, na sote tusikie. Maana Ijumaa iliyopita ulisema jingine, nikapiga makofi."

Nilisimama wima. Nilimtazama Kicheko kwanza, kisha Mrefu.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: kuanzia kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa mtoni, siku kumi na nne, mvua au jua. Nitapima kama atakavyonionyesha, nitaandika kwa mkono wangu mwenyewe, na zote nitazituma. Na kesho jioni, kwenye sala, nitasimama palepale niliposimama, niseme kwamba lile daftari sikupewa na Mungu. Nililichukua mimi."