Kitufe cha Pili

Ukimwuliza Djamila siku ile alifika wapi, hatakudanganya. Alifika mwisho wa lami. Baada ya lami kulikuwa na matope, na baada ya matope kulikuwa na kisima. Kutoka alipofika hadi kwenye kisima ni mwendo wa mtu anayetafuna muwa mmoja akaumaliza. Huo ndio mwendo ambao hakuutembea.

Djamila alikuwa mwandishi wa Barza, mtandao wa habari. Barza haikuwa na mkurugenzi wala mwenye mali, wala jengo katikati ya mji ambalo mtu angeweza kulitia kufuli. Ilikaa ndani ya simu za waandishi wake mia mbili na kitu, wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, hata Bunia, na kila simu ilibeba nakala ya kila habari. Kilichoingia humo hakikufutika. Aliyekosea aliongeza maneno chini, na kosa lake likabaki pale juu likisomwa. Wasomaji walichanga kidogo kidogo, na mchango ukawaendea waandishi kwa kadiri ya alama zao za uaminifu. Ndivyo walivyotaka kuizika coupage, ile bahasha ya "usafiri" ambayo mwandishi hupewa mlangoni baada ya mkutano ili aandike alichoambiwa.

Habari haikutoka mpaka waandishi wengine watatu waende kwa miguu yao mahali penyewe. Kila mmoja alikuwa na siku mbili na vitufe vitatu. Cha kwanza: Nimefika, nimeona. Cha pili: Nimefika, sikuona. Cha tatu: Sikufika. Aliyebonyeza cha kwanza, kisha habari ikaja kuonekana ni ya uongo, alipoteza nusu ya alama zake, na mwenye habari iliyofungwa vilevile. Aliyebonyeza cha tatu alikatwa tano kwa uvivu. Kitufe cha pili hakikumgharimu mtu kitu.

Djamila alikuwa na alama tisini na nane kati ya mia. Katanga nzima hakuna aliyemfikia. Mama yake, Asha, aliyeuza vitenge Kampemba, aliwatangazia hata wateja waliokuja kuuliza bei tu: "Mutoto wangu haandike bongo, uongo hapana. Angalia mu simu yako, tisini na nane! Weye mutoto wako eko na ngapi?" Na baada ya siku kumi Barza ingemchagua mlinzi wake wa Katanga, yule wa kuamua magomvi ya waandishi. Kila mtu alijua atakuwa nani.

Hapo ndipo Kabwe alipopiga simu.

Kabwe alikuwa mwandishi mpya wa Annexe, pembezoni mwa mji, mwenye alama arobaini na moja na kelele nyingi. Alikuwa ameandika kwamba maji ya kisima kimoja cha huko yanachoma. "Yaya Djamila!" Yaya kwao ni dada mkubwa. "Wawili bamekwisha kufika, bameona. Tunangoja weye tu."

"Mayi inachoma kweli, Kabwe? Usinitie mu mambo."

"Inachoma, Yaya! Kule yulu kuko kiwanja fulani, banaosha malori ya asidi kila asubuhi. Inashuka mu mufereji mpaka mu kisima. Kuya asubuhi. Ukichelewa, saa sita, utakuta imetulia, utasema Kabwe eko mulevi."

"Haulewe?"

"Siku ya mungu tu, Yaya, nikitoka misa."

Alicheka, akaahidi asubuhi. Lakini asubuhi ilinyesha mvua ya Februari, ile inayoyafanya mabati yaseme peke yake, na Djamila alikuwa na kanzu mpya ya kumalizia kwa fundi. Aliondoka mchana. Pikipiki ilimfikisha mwisho wa lami, dereva akazima.

"Endelea, baba. Ni pale chini tu."

"Mama, hii ni pikipiki, si mutumbwi."

Akashuka. Aliyatazama matope, akavitazama viatu vyake. Karibu na njia palikuwa na mwanamke anauza makaa chini ya plastiki. Djamila akamwuliza kama kisima cha kule chini kina shida.

"Miye sichotake kule," mwanamke akajibu, bila kuinua kichwa. "Siwezi kusema kintu."

Mfereji ulipita hapo hapo kando ya barabara. Djamila aliinama akayatazama maji. Yalikuwa na rangi ya maji ya mvua popote Lubumbashi, mekundu ya udongo. Aliyanusa. Hayakunuka. Basi akasimama pale akafikiri, na alichofikiri ndicho alichokuja kujutia kuliko hata miguu yake. Hakufikiria maji. Alifikiria tisini na nane. Akithibitisha, kisha wenye kile kiwanja walete karatasi yao ya maabara, atabaki na arobaini na tisa, siku kumi kabla ya uchaguzi, kwa ajili ya mtu wa alama arobaini na moja. Na akisema hakufika, atakatwa tano. Lakini si alifika? Annexe ndiyo hii. Mfereji ndio huu. Ametazama, hakuona.

Akabonyeza kitufe cha pili, akapanda pikipiki.

Neno la mwenye tisini na nane lilizidi uzito wa yale maneno mawili yaliyotangulia. Habari ya Kabwe ikafungwa usiku huo huo, na alama zake zikashuka hadi ishirini.

"Yaya, ulipitia njia gani?" Sauti ya Kabwe kwenye simu ilikuwa ya chini, si yake. "Niliuliza nyumba zote za kisimani. Hakuna mwenye alikuona."

"Nilifika, Kabwe. Sikuona kitu."

"Ulifika saa ngapi?"

"Kabwe, uandishi ni subira. Leta ushahidi mwingine, tutaangalia."

"Sawa, Mama Mulinzi," Kabwe akasema, akakata.

Djamila alichaguliwa. Asha alichinja kuku wawili, akamvika kitenge kipya, akatembea naye Kampemba nzima kama bibi harusi. Watu walimpongeza, naye akapokea pongezi zote.

Katika wiki ya tatu ya ulinzi wake, mwandishi mmoja wa katikati ya mji, Élie, alimtumia mistari miwili. Mtoto wa miaka sita wa Annexe alilazwa wiki iliyopita, koo limeungua. Alikunywa maji ya kisima alipotoka shule. Kisima kipi, Élie hakujua. Djamila alijua.

Safari hii hakutafuta pikipiki ya kumvusha. Alivua viatu mwisho wa lami akashuka kwa miguu mitupu, na matope yalimfika kwenye kifundo tu. Hayakumfika hata kwenye goti. Hilo lilimuumiza njia nzima.

Kapinga, mama wa mtoto, alikuwa barazani akichuja uji kwa kitambaa. Alikuwa mwanamke wa Kasai, mlimaji wa mboga za lengalenga, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka shambani. Mtoto, Chancelvie, alikuwa amerudi kutoka hospitali siku moja kabla. Aliketi kwenye mkeka akimtazama mgeni. Djamila alipomsalimia, mtoto alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu, kama ya mlango unaosukumwa.

"Asubuhi hii amekunywa vijiko tatu," Kapinga akasema. "Dokta amesema njia imekuwa ndogo. Chakula kigumu, pengine hapana tena. Keti, Mama. Uko wa shirika gani?"

"Niko wa Barza."

Kapinga aliacha kuchuja. "Ah. Ya Kabwe."

"Ya Kabwe."

"Shiye tuliacha kuchota, unajua? Kabwe alitupitia nyumba kwa nyumba: muache kile kisima. Tukaacha. Wiki mbili tulienda kununua mayi ku lami, bidoni kwa bidoni, mugongo inakufa." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Kisha watu bakasoma mu simu. Barza imefunga ile habari. Mukubwa wao mwenyewe alikuya, aliangalia, hakuona kintu. Na Barza haidanganyake, kila mutu anajua. Mukaaji mumoja akarudia kuchota, kisha wa pili. Miye pia nikasema, bon, kama ule mukubwa hakuona, basi pengine ni ndoo zetu, ni uchafu wetu. Nikaosha ndoo muzuri na muchanga. Nikarudia kuchota."

Djamila alikuwa amejiandaa kusikia kwamba habari yake haikuwafaa watu wa kisimani. Hakujiandaa kusikia kwamba walimwamini. Yale maneno mawili aliyobonyeza pale juu, akiwa na haraka ya kuondoka, yalishuka kilima peke yake, yakaingia nyumba hii, yakamfanya mama aoshe ndoo.

Angeweza kuaga. Kapinga hakujua jina lake. Na Kabwe, hata angesema, nani angemsikiliza na ishirini zake?

"Mama Kapinga," akasema, "ule mukubwa ni miye."

Kapinga aliweka kitambaa chini, akamtazama. Mtoto naye alitazama.

"Ulisimama wapi?"

"Ku lami."

"Ku lami." Kapinga aligeuza shingo kuelekea kilima, akakipima kwa macho kutoka chini hadi juu. "Pale Chancelvie anafikaka na ndoo ya lita kumi ku kichwa, anarudia, mbele ya masomo."

Djamila alianza kulia, na Kapinga akamkatiza kwa mkono.

"Hapana, usinililie hapa, mutoto atashituka. Uko na kazi ya kuandika, si vile? Enda uandike."

Aliandika palepale, kwenye mkeka, chini ya maneno yake ya mwezi uliopita ambayo hayakufutika: *Sikufika. Nilisimama mwisho wa lami, saa nane mchana, nikageuka. Kabwe alisema kweli.* Hakuweka sababu. Alipoyasoma tena aliona kwamba kila sababu aliyotaka kuiongeza ilikuwa imevaa kile kitenge cha sifa alichovikwa na mama yake.

Kabla ya jua kuzama habari ya Kabwe ilifunguka. Siku ya pili ilisomwa na watu elfu kumi. Ya tatu, kile kiwanja kilikuwa kitupu. Malori yalikuwa yamehamia kwingine na hakuna aliyesema wapi. Ulinzi wakampa Élie. Alama za Djamila, zilizopanda kwa miaka minne, zilikatwa kwa kusema alifika, zikasimama kwenye kumi na moja. Asha alifunga duka siku mbili, kisha akalifungua, na hakumwuliza tena mteja kuhusu simu.

Alimpigia Kabwe mara sita. Ya saba alipokea, na nyuma yake kulikuwa na maikrofoni inajaribiwa.

"Nimesoma, Yaya. Aksanti."

"Rudi Barza, Kabwe. Alama zako zote bamekurudishia, na zaidi."

"Niliona. Sitarudia." Akacheka kidogo. "Niko na mkutano wa wakubwa hapa. Wananipa bahasha mulangoni. Hapa angalau kila mutu anajua niko muongo, hakuna mwenye anakunywa mayi juu ya neno yangu."

Mwezi wa nne, mwanamke wa bonde lingine la Annexe alituma habari: samaki wadogo wanaelea mferejini asubuhi. Djamila alitoka Kampemba kukiwa bado giza, akafika kwenye kisima chenyewe, akaona malori juu, akatia kidole kwenye maji, kikawasha. Alibonyeza kitufe cha kwanza. Simu ikamjibu kwamba ushahidi wake umepokelewa, unangoja wa wengine.

Wanawake walikuwa wanafika na ndoo. Akasimama mbele yao.

"Ba mama, musichote. Nimeona kwa macho, mayi iko na asidi."

"Uko nani?" akauliza wa mbele, mkubwa wa mwili, kamba mkononi.

"Djamila. Wa Barza."

Mwanamke alitoa simu kwenye kitenge, akatafuta jina, akasoma polepole, akawaonyesha wenzake. Mmoja akacheka.

"Kumi na moja?" akasema. "Tutangoja wenye kuwa na nyingi, Mama. Samahani. Watoto beko na kiu."

Akaitupa ndoo kisimani. Djamila akaikamata kamba kwa mikono miwili. Mwanamke naye hakuiachia.