Pilipili za Bi Mallyeon

Tangu nihamie kichochoro hiki cha mji wa Daegu, Korea, Bi Mallyeon alikuwa akinichosha. Jua likitoka tu, anatandika turubai katikati ya njia na kuanika pilipili zake za kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha. Jirani yake, Mzee Pilgu, anapuliza tarumbeta kufukuza njiwa. Vichaa watupu, nilisema.

Jana jamaa mmoja akaja na gari, akapiga honi. "We bibi, toa takataka zako!"

Mzee Pilgu akamjibu kwa tarumbeta. Bi Mallyeon akavua viatu, akakaa kitako juu ya turubai. Mpita njia aje kumtukana jirani yangu? Nikavua vyangu, nikakaa kando yake.

"Na wewe kichaa kama hawa?" jamaa akafoka.

"Tena mkubwa! Nyumba yangu ile pale. Haya, rudi nyuma!"