Kadi Nyekundu ya Behewa Dogo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mwenyewe mapema ili Sabiri asipate raha ya kulisema, ingawa yeye hulisema kila anapokaa kwenye kahawa, na siku hizi ameongeza kikombe cha tatu ili apate muda.

Naitwa Emilian, mkaguzi wa mabehewa mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nilizunguka yadi ya Tabora na nyundo ya mpini mrefu, nikigonga magurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele ya parokia. Lenye ufa hujibu kama sufuria iliyotoboka. Nikisikia sufuria, nabandika kadi nyekundu, naandika kosa, naweka tarehe na sahihi. Behewa lenye kadi nyekundu halisogei. Aje nani, apige simu nani, halisogei mpaka mkaguzi aliyeibandika aiondoe kwa mkono wake. Sabiri alikuwa msimamizi wa yadi. Kazi yake ilikuwa treni ziondoke, yangu ilikuwa zisiondoke na ubovu. Unaweza kukisia tulivyopendana.

Mwaka jana padre mmoja mzee, mpenda treni kupita kiasi, alirudi kwao Ulaya, akatuachia sisi wastaafu wa reli katoni. Ndani mlikuwa na reli ndogo za kuunganisha, injini ya betri, na maboksi manane. Kila boksi lilikuwa na behewa moja la mizigo, lote vipande vya plastiki. Unavikata, unavibandika kwa gundi, unavipaka rangi, mwisho unapata behewa lenye urefu wa kiganja. Mwenyekiti wetu, Gerson, akatangaza mashindano. Behewa litakaloshinda litawekwa kwenye kabati la kioo la chama, na chini yake lebo yenye jina la aliyeliunda.

Jina. Hapo ndipo aliponimaliza. Mkaguzi akifanya kazi vizuri hakuna kinachotokea, na kisichotokea hakiandikwi popote. Kadi zangu zote zilichanwa behewa likishapona. Jina langu lilibaki kwenye daftari la mahudhurio, nalo nasikia mchwa wamelisoma hadi ukurasa wa mwisho. Nilitaka nilione mahali fulani nikiwa hai, kabla ya lile la msalaba wa kaburini.

Basi nikajifungia sebuleni. Mke wangu, Mektilda, akaniletea karatasi ya maelekezo iliyokuwa imeanguka chini ya meza.

"Hii si ndiyo inayosema unaanza na nini?"

"Mama Levina, nimekagua mabehewa ya tani arobaini. Nifundishwe na karatasi ya picha?"

"Hayo ya tani arobaini ulikuwa unayagonga na nyundo," akasema. "Hukuyatengeneza." Akalifunika jagi la maziwa kwa karatasi ile.

Vipande nilivikata kwa kikata kucha. Mlango wa kuteleza niliouweka kwanza ulikuwa kichwa chini, nikauita mtindo wa zamani. Lakini kwenye rangi, jamani, niacheni nijisifu kidogo. Wenzangu walipaka mabehewa yao yakang'aa kama masanduku ya bibi harusi. Mimi nimeishi na mabehewa, nayajua yalivyo yakifika kutoka masika mawili na kiangazi kimoja. Nilisaga tofali nikachanganya na chai ya rangi nikapata kutu. Nikachukua masizi ya chungu kuweka moshi wa breki, na vumbi jekundu la barabara ya Ntalikwa nikalipuliza upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo. Mlangoni nikachora alama ya bega la mpakuzi wa mizigo, pale anapoegemea akingoja zamu. Nilipomaliza nikaliangalia, nikasikia harufu ya tumbaku ambayo haipo.

Alhamisi, mashindano yakiwa Jumamosi, nikalisukuma juu ya meza. Halikwenda. Nikalisukuma tena, likateleza kama kiatu. Gundi yangu ya haraka ilikuwa imechuruzika ikaingia kwenye ncha za ekseli zote nne, ile mihimili ya magurudumu, ikakauka humo ikawa jiwe. Nikachungulia ile karatasi kwenye jagi. Picha ya sita ilionyesha gundi, ekseli, na juu yake msalaba mkubwa mwekundu wa kukataza. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Kuzing'oa ekseli kungevunja behewa zima. Na masharti ya Gerson yalisema wazi: behewa lazima livutwe na injini kutoka kibao cha Tabora hadi kibao cha Igalula, mita tatu za meza, kwa magurudumu yake.

Ndipo akili ikanijia, ile akili inayokuja mtu akishachelewa. Nilikata kipande cha karatasi kidogo kuliko ukucha, nikakipaka rangi nyekundu, nikakibandika ubavuni. Wenzangu wote ni watu wa reli. Wataiona kadi, watajua halisogei, watalitoa kwenye msafara na kulitazama likiwa limesimama. Na likisimama, hakuna wa kulishinda.

Kosa moja tu. Nilipochukua sindano niandike maneno ya kadi, mkono haukukubali kuandika uongo. Miaka thelathini na mmoja haujawahi kuandika kadi ya uongo, ungeanza siku ile? Ukaandika: *Magurudumu yote hayazunguki. E.* na jina la ukoo, na tarehe. Nikajisemea, maandishi ya ukubwa wa mayai ya sisimizi, nani atayasoma.

Jumamosi nikalibeba kwenye boksi la viatu, kwa miguu, kwa barabara ileile ambayo mababu zetu walipita wamebeba pembe za ndovu kwenda pwani. Wao walitembea miezi mitatu na mzigo wa ratili sabini. Mimi nilitembea dakika ishirini na gramu hamsini, na nilikuwa natoka jasho kuliko wao.

Mgeni rasmi alikuwa Mwalimu Theodora, binti wa dereva wa treni wa zamani. "Shikamooni wazee," akasema. "Marahaba," tukajibu wanane kwa pamoja, kila mtu akiwa amesimama mbele ya behewa lake kama mtoto anayengoja sindano. Gerson alikuwa ameshayaunganisha yote nyuma ya injini. Langu lilikuwa la tatu.

"Mmh," Gerson akasema, akainama. "Hili lina kadi."

Nawaambia, wazee wanane, mmoja presha, mmoja goti, mmoja hasikii vizuri, lakini neno kadi wote walilisikia. Watatu walirudi nyuma hatua moja.

"Nani ameibandika?"

"Mimi," nikasema kwa unyenyekevu wa kitaalamu. "Litolewe tu kando, wengine waendelee."

"Litolewe vipi?" Hiyo ilikuwa sauti ya Sabiri, tamu kama asali ya Sikonge. "Liko katikati ya treni, mkaguzi wangu. Nyuma yake kuna mabehewa matano, na moja ni la kwangu. Kulitoa lazima lisukumwe, na lenye kadi halisukumwi. Ulinifundisha wewe mwenyewe, mbele ya watu, treni ya pamba ya Igunga ikioza pale."

"Pamba haiozi kwa siku moja."

"Siku nne."

Mwalimu Theodora akanyoosha vidole viwili. "Wazee wangu, si nalinyanyua tu?"

"Usiguse, mwanangu," wakasema wanne kwa mpigo.

"Tangu lini behewa likanyanyuliwa kwa mkono?" Gerson akamweleza kwa upole. "Hapo inatakiwa kreni."

Mzee mmoja akauliza kreni iko wapi. Mwingine akasema inabidi iombwe kwa barua. Wa tatu, Yahaya, aliyekuwa fundi wa reli, akakumbusha kwamba kabla ya kreni kuja lazima njia ikaguliwe, akaanza kukagua njia kwa kidole. Wakabishana nani awe kreni. Gerson akataka awe yeye kwa cheo, wakamwambia mwenyekiti hawezi kujiandikia barua na kuijibu. Mwalimu wa watu akaletewa soda, akakaa. Injini ya betri ilikuwa inanguruma bure, taa yake ndogo inawaka, haiendi popote. Nikaona kama niko kazini tena, na kwa kweli, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha.

Furaha ikakatwa na Batuli. Huyu alikuwa karani wa yadi zama zetu, ndiye aliyenakili kadi zote kwenye rejista, na leo ndiye anayeshika ufunguo wa kabati na kuandika lebo. Alikuwa amekaa pembeni na kalamu yake.

"Kadi bila kosa si kadi," akasema. "Ngojeni niisome, ndipo mjue kama ni ya kreni au ya nyundo." Akatoa kwenye mkoba kile kioo cha kukuza anachosomea msahafu, akainama juu ya behewa langu.

Nilikohoa. Haikusaidia.

"Magurudumu yote hayazunguki," akasoma, taratibu, kwa sauti ileile ya mwaka themanini na tisa. "Imesainiwa. Tarehe ya juzi."

Sabiri akachuchumaa, akachungulia chini ya behewa, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefunga mwezi mzima na sasa anasikia adhana ya magharibi.

"Gundi," akasema. "Amelifunga gundi. Gerson, huyu hakuchora kadi ya pambo. Amekagua kweli."

Wakacheka mpaka Yahaya akashika goti lake. Mwalimu Theodora alicheka kwa adabu, ndani ya chupa ya soda.

Mtu mwenye akili angecheka nao akaenda zake nyumbani. Mimi nikasimama nikatetea.

"Sikilizeni. Kabatini behewa halitembei. Linaangaliwa. Hebu tazameni hiyo kutu, tazameni alama ya bega la mpakuzi. Kuna la nani hapa linalofanana na behewa la kweli?"

"Hakuna," Gerson akakubali. "Hilo ni la kweli kabisa. Hata ubovu."

"Basi kadi ni pambo, naiondoa. Aliyeibandika ndiye mwenye ruhusa." Nikanyoosha mkono.

"Ukiiondoa limepona," akasema Sabiri. "Limepona, basi livutwe hadi Igalula. Mwalimu, shika saa."

Nikaurudisha mkono. "Haliendi Igalula, linaenda kabatini. Nimesema ni pambo."

"Na kosa lililoandikwa je?"

"Nalo pambo."

"Na sahihi?"

Kwa kuwa siku yangu ya ujinga haikuwa imeisha, nikamgeukia Batuli. "Dada Batuli, achana na huyu. Wewe ndiye mwenye kalamu. Niandikie jina langu kwenye lebo, na yaishe."

Batuli akakirudisha kile kioo mkobani, akachukua lebo tupu, akaiweka kwenye paja, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikimletea kadi isiyo na tarehe.

"Kaka Emilian, lebo ni ndogo, inaingia mtu mmoja. Ama aliyelikagua behewa hili ni mwongo, ama aliyeliunda hajui kazi. Niambie nimwandike yupi."