Shahada ya Masoudi na Kisima cha Bi Rabia

Darasa la kwanza nimelisoma mara tatu, na si kwa kufeli. Mara ya kwanza ilikuwa Naipingo, tukahama. Mara ya pili Masasi kwa mjomba, nikatoroka. Mara ya tatu ng'ambo ya Ruvuma, kwa Kireno, na huko nilikaa hadi mvua ilipoanza kunyesha ndani ya darasa, nami sikungoja mwalimu aseme tutoke. Baada ya hapo nilidokoa tu: miezi kadhaa ya la tatu, wiki mbili za la tano, na masomo ya watu wazima ya jioni, ambayo nilikuwa nakwenda kwa sababu kulikuwa na taa na watu wa kupiga nao soga. Ndiyo maana naandika hivi unavyoona.

Mambo mengine ya maisha yangu yalikwenda kwa mtindo huohuo. Nimechimba vito Tunduru, nikaondoka wiki moja kabla wenzangu hawajapata. Nimejenga nyumba Lindi, ikafika kwenye linta. Nimeoa mara mbili, na mara zote mbili nilitoka kwenda kununua chumvi.

Basi nilipofika miaka sitini na nane, miguu imeanza kuniambia ukweli, nikaenda Nkowe kwa Bi Rabia, mjane mwenye mikorosho yake mwenyewe na heshima yake mwenyewe. Mila inataka utume watu wakupelekee posa. Mimi nilikwenda kumwuliza mwenyewe kwanza, ili kama ni aibu iishie kwetu wawili. Alikuwa anapepeta mbaazi, wala hakuacha.

"Masoudi," akasema, "kuna kitu chochote duniani ulichokianza ukakimaliza?"

Nikafikiri. Nilifikiri mpaka mbaazi zikaisha kwenye ungo.

"Sahani ya ugali," nikasema.

"Hata hiyo huwa unamwachia paka. Siolewi na mtu wa nusu nusu. Siku ukija na kimoja ulichokimaliza, tutazungumza."

Mtu mwenye akili angejiuliza mama huyu ana maana ya kitu gani. Chini ya nyumba yake, bondeni, kulikuwa na kisima nilichomwanzishia miaka mitatu iliyopita. Nilifika futi kumi na nane, nikagonga udongo mgumu kama chuma, na papo hapo nikakumbuka kuwa nina rafiki Newala. Siku hiyo nikienda zangu nilikipita kisima kile. Nilikizunguka kwa uangalifu, nisije nikatumbukia.

Wiki iliyofuata nilipeleka ufuta wangu Nachingwea, gunia moja juu ya baiskeli. Karibu na stendi kuna kiduka cha kutoa fotokopi, na mlangoni pamebandikwa karatasi: PATA SHAHADA YAKO SASA. UZOEFU WA MAISHA UNAHESABIWA. Ndani alikaa kijana anaitwa Jonasi, juu amevaa tai, chini amevaa kandambili. Akasema yeye ndiye tawi la kanda ya kusini la Chuo Kikuu cha Dunia Nzima.

"Mzee wangu, karibu. Una uzoefu gani?"

Katika miaka sitini na nane hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali tamu kama hilo. Nilivuta kiti.

"Umewahi kuishi nje ya nchi?"

"Mueda. Miezi minane, nikiuza chumvi."

"Ulivuka na pasipoti?"

"Na mtumbwi."

"Hiyo ni Mahusiano ya Kimataifa," akasema, akaandika. "Familia?"

"Wake wawili. Wote tuliachana bila kwenda barazani."

"Utatuzi wa Migogoro." Akaandika tena, akajumlisha, akaniangalia kwa heshima. "Mzee baba, wewe umesoma. Ulikuwa hujapewa karatasi tu."

Nilimwamini. Nisidanganye, nilimwamini kabisa, na nilijihurumia kwa miaka yote ambayo watu wa kusini walikuwa wananipita njiani bila kujua wanampita nani. Akanieleza kuwa daraja la kwanza lina nyongeza ya elfu hamsini. Nikachukua la pili la juu, nisije nikaonekana nimezidisha. Nilikuwa nimekuja Nachingwea na gunia na baiskeli. Vyote viwili vilibaki Nachingwea.

Masomo yangu ya chuo kikuu yalichukua siku mbili, kwa sababu siku ya kwanza umeme ulikatika. Siku ya pili Jonasi alinivalisha joho nyuma ya duka, mbele ya turubai lililochorwa makabati ya vitabu, akanipiga picha kutoka kiunoni kwenda juu. Kisha akanipa karatasi nene yenye muhuri wa dhahabu, yote Kiingereza.

"Wapi pamesema nimemaliza?" nikamwuliza.

Akaweka kidole. Mstari wa nne, juu kidogo ya muhuri. Nikapakariri, nisije nikamwonyesha Bi Rabia mahali pengine.

Nilirudi kwetu Ruangwa kwa bodaboda, nimeshika picha na shahada kifuani, vyote vimetiwa kwenye fremu moja ya kioo. Kuingia Nkowe tukakutana na Nkwabi, mfugaji aliyehamia kutoka upande wa Ziwa, anavusha ng'ombe barabara. Aliiona ile fremu, akavua kofia.

"Mzee, umefiwa na nani?"

"Sijafiwa. Nimehitimu."

Akaiangalia picha, akaniangalia mimi. "Pole sana," akasema hata hivyo.

Bi Rabia aliipokea fremu kwa mikono miwili, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanga, akaitazama sana.

"Miguu iko wapi?"

"Haikuingia."

"Na hii karatasi?"

"Shahada. Nimemaliza chuo kikuu. Soma hapo, mstari wa nne."

Kiingereza hakijui, kama mimi, na hilo nilikuwa nimelitegemea. Nilichosahau ni kwamba Bi Rabia ni kungwi. Amewacheza wali, wasichana wa kata nzima anaowafunda unyagoni, miaka thelathini, na mtu aliyetoka ndani kufundwa anamjua kwa namna anavyokaa tu. Akanionyesha kigoda. Yeye akakaa mkekani, akanyoosha miguu, akaanza kuniuliza taratibu kama anavyowauliza wasichana wake.

"Ulikaa ndani siku ngapi?"

"Mbili. Moja tulikuwa tunangoja umeme."

"Mliingia wangapi?"

"Peke yangu."

"Peke yako. Mwali yatima asiye na ndugu tunamtafutia mwenzake, ili awepo wa kumkumbuka alivyolia. Wewe nani atakukumbuka?"

"Sikulia."

"Naona. Na aliyekufunda ni nani?"

"Kijana mmoja. Jonasi."

"Alikufunda nini?"

Nikatafuta. "Kuinua kidevu," nikasema. "Wakati wa picha."

Akatikisa kichwa, wala hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Basi nijibu hili moja, nisikuchoshe. Mwali wangu akitoka, hata mama yake mzazi akimwuliza ya ndani, hasemi. Hata umpige. Wewe huko ulikotoka, una kitu gani usichoweza kuniambia?"

Nilipekua zile siku mbili kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni: turubai la vitabu, kandambili, muhuri wa dhahabu. Hakukuwa na siri. Kisha nikaiona moja, na nikaona kwamba nikiificha hiyo nitakuwa nimefaulu mtihani wake, maana atadhani ni siri ya chuo. Ilikuwa imebaki kunyamaza tu.

"Joho," nikasema.

"Lina nini?"

"Lilikuwa la mahafali ya watoto wa darasa la saba. Lilinifika magotini. Ndiyo maana miguu haikuingia."

Bi Rabia akailaza fremu kifudifudi mkekani. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akashika ubavu, akajifuta macho, akaigeuza fremu kidogo kunichungulia tena, akacheka upya. Na mimi nikacheka, kidogo, kwa adabu, kama mgeni.

"Na baiskeli yako iko wapi?" akauliza alipopata pumzi.

"Ndiyo hiyo uliyoishika."

Hapo akaiweka fremu kando. "Masoudi, mimi nilikwambia njoo na ulichokimaliza. Sikukwambia uende Nachingwea. Kiko pale bondeni, mbuzi wangu wawili wameshatumbukia. Miaka mitatu nachota maji mbali kwa kichwa changu hiki, na kila nikipita pale nasema, mtu yule angeongeza wiki mbili tu." Akasimama, akaingia ndani, akatoka na sululu. Ilikuwa yangu. Alikuwa ameitunza, mpini umepakwa mafuta.

Nilianza kesho yake. Nkwabi alikubali kuvuta udongo kwa ng'ombe wake na kamba, kwa ahadi kwamba maji yakipatikana mifugo yake itanyweshwa jioni. Alikaa juu, mimi chini, tukizungumza kwa kupigiana kelele.

"Mzee, huko chuoni walifundisha kuchimba?"

"Vuta kamba, Nkwabi."

"Nauliza tu. Nina mtoto, nataka nijue nimpeleke wapi."

Udongo mgumu ulikuwa bado unaningoja palepale, futi ya kumi na nane. Siku ya tisa mikono imechubuka, nikamkumbuka tena yule rafiki wa Newala, nikamkumbuka vizuri, hata sauti yake. Sitajisifu. Kama ningekuwa na baiskeli, hadithi hii ingeishia hapa.

Siku ya kumi na saba, futi ya thelathini, udongo ulibadilika rangi. Nikajaza ndoo, nikaitikisa kamba. Ikapanda, ikawa nukta, ikatoka kwenye kile kipande cha mbingu nilichoachiwa. Nilijua Bi Rabia amefika, kwa sababu Nkwabi alikuwa ameacha kunitania. Nilijua pia anaukamua ule udongo kwa mkono, polepole, hivyo ndivyo alivyo.

"Masoudi."

"Naam."

"Umemaliza?"

Maisha yangu yote nimelijibu swali hilo haraka. Kwa mafundi, kwa walimu, kwa wake zangu, neno ndiyo lilikuwa linatoka kabla sijageuka kuangalia kazi yenyewe. Safari hii nikainama, nikapapasa. Miguu ilikuwa inapata baridi, hiyo ilikuwa kweli. Lakini chini ya baridi kulikuwa bado na jiwe.

"Bado," nikasema.

Kisha nikamsikia akimwambia Nkwabi amteremshie mzee uji, asipande kwanza. Kichwa chake kikatokea ukingoni, kidogo, na kanga yake.

"Maji yakikufika magotini," akasema, "tuma watu kwa mjomba wangu. Usije mwenyewe."

Nikatazama chini. Yalikuwa hata vifundo vya miguu hayajavifunika. Nikanywa uji wote, nikalamba kikombe, nikachukua sululu.