Mwiko Niliousugua

Mimi kwenye usafi sina mchezo, na sitaomba radhi kwa hilo. Wiki ya kwanza tu tangu niolewe katika nyumba hii ya wapika pombe, nilisugua masufuria mpaka wifi yangu akawa anachania nywele mbele yake. Mama mkwe akaanza kunisifu kwa wateja, nao wakaniita Bi Nadhifu. Kichwa kikavimba.

Wifi alikuwa anaolewa Jumamosi, na pombe ya harusi alipika mama yake mwenyewe. Mtama alikwisha kuuloweka, akauotesha chini ya gunia, akauanika, akausaga. Jumanne akapika uji wake kwenye pipa, akauacha upoe. Kilichobaki ni kuukoroga kwa mwiko wake, halafu kusubiri uumuke. Akaniachia nyumba, akaenda na wifi kwa fundi wa nguo.

Mwiko wenyewe ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mweusi, umeganda makoko ya miaka. Nikaona kinyaa. Nikachukua maji ya moto, sabuni na majivu, nikausugua mpaka ukawa kama umetoka kwa seremala asubuhi hiyo. Nilitaka kumfurahisha, jamani.

Aliporudi akautazama, akakaa chini sakafuni. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinieleza taratibu kwamba hamira ilikuwa ndani ya makoko yale, aliyorithi kwa mama yake, na ndiyo iliyoumua kila pombe aliyowahi kupika. Akakoroga hivyo hivyo. Jumatano asubuhi tukafunua pipa, uji umetulia tuli, hata kipovu kimoja hakuna.

Mume wangu akasema anunue hamira ya dukani. Mama yake akakataa katakata, eti hawezi kumuaga binti yake wa pekee kwa pombe yenye ladha ya mkate. Wifi akafuta machozi akasema soda zitatosha.

Sasa niseme ukweli. Wiki moja nyuma, baada ya kuchuja pombe, nilipewa kitambaa cha kuchujia nikifue. Nilikuwa nimechoka, nikakisukumia kwenye kapu chini ya kitanda, halafu nikamwambia mama mkwe nimekwisha kukifua na kukianika. Kilikuwa bado na machicha ya pombe iliyoumuliwa kwa mwiko uleule, na hamira yake humo. Nikikitoa, Bi Nadhifu amekwisha. Nisipokitoa, harusi haina pombe na mkosaji ni mimi. Nikajikaza kisabuni, nikaingia chumbani, nikatoka na kapu nimelishika mbali na pua. Harufu ilifika sebuleni kabla yangu. Jirani aliyekuja kuazima ungo akasogea dirishani.

“Mama, hiki sikukifua. Nilikudanganya.”

Akakipokea kimekauka kau. Akanusa. Akafumba macho, akanusa tena. Kisha akainuka kama msichana, akakipukuta chote kwenye pipa, akakoroga kwa ule mwiko mweupe, akafunika. Tukakaa kulizunguka pipa, hakuna aliyekumbuka chakula. Alasiri kikapanda kipovu kimoja. Kikaja kingine. Jua lilipokaribia kuzama, pipa zima lilikuwa linachachatika kama mvua juu ya bati, na mama mkwe amenishika mikono tunacheza, wifi kicheko kimemkaba. Raha niliyoisikia siku ile sijui niiweke wapi.

Jumamosi pombe ilisifiwa mpaka na wasiokunywa, waliosifia harufu. Mama mkwe akasimama mbele ya wageni, akawasimulia habari yote, kapu na uvungu wa kitanda havikusazwa. Watu wakavunjika mbavu. Mimi natafuta pa kuingia. Kisha akaniita, akaniwekea mwiko mikononi, ukiwa umekwisha kushika makoko mapya.

“Ushike, mwanangu. Hamira iliyomo sasa ni yako.”

Nikalia mbele za watu bila aibu.

Mwaka wa tatu huu sijautia maji. Unaning'inia palepale nyuma ya mlango, mweusi tii. Msumari wake lakini nausugua kila Ijumaa.